Goti Lile Si Goti: Kutafuta Chanzo cha Mguu Mbovu kwa Ng'ombe, Mbuzi na Kuku

"Shikamoo bwana mifugo. Samahani kwa kukuamsha. Ng'ombe wangu ameteguka goti la nyuma, hakanyagi kabisa."

"Marahaba mwanangu. Goti lipi? Lile lenye ncha linalotazama nyuma, au la juu karibu na tumbo?"

Kimya kidogo. "Kwani ana mangapi?"

Swali hilo nililipenda, maana ndilo la kuulizwa kabla hata shilingi haijatoka kwenda duka la dawa. Lile lenye ncha linalotazama nyuma ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na ngozi ya ubavu na nyama ya paja, na lina kilegesambwa chake, kile kifupa kinachosogea mbele ya goti, kama la kwako. Na kile ambacho kila mtu anakiita goti la mbele, kile ng'ombe anachotanguliza chini anapolala, ni kifundo cha mkono: pale unapofunga saa. Ng'ombe anatembea juu ya kucha za vidole viwili, kisigino kikiwa hewani maisha yake yote. Mguu wa kuku nao ni vilevile, ila yeye anakanyaga kwa vidole vizima.

Nasisitiza majina kwa sababu nililipia kosa hili mwenyewe. Nilipokuwa mgeni kazini nilichua kisigino cha ng'ombe wa maziwa siku tatu, nikamchoma sindano za maumivu, na bado alikuwa anainua mguu. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga jirani alikuja, akaukunja mguu, akakwangua nyayo kwa kisu cha kukatia majani, akatoa msumari. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Kwa nini ulianzia katikati?"

Mifupa kwa kujifunzia buchani

Hutahitaji kitabu. Nenda machinjioni uangalie mchinjaji anavyotoa mguu wa mbele: hatumii shoka. Anapitisha kisu kati ya bega na mbavu, mguu unatoka mzima na bapa la bega juu yake. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, kwa hiyo mguu wa mbele umefungwa kwenye kiwiliwili kwa nyama na kano tu. Mguu wa nyuma haumpi urahisi huo. Kichwa cha mfupa wa paja kimezama kwenye kikombe cha nyonga, na nyonga imekazana na uti wa mgongo. Ndiyo maana nyonga ya ng'ombe huweza kuteguka ikachomoka kwenye kikombe, ilhali mguu wa mbele ukipigwa juu kabisa, mara nyingi kilichoumia ni misuli na mishipa ya fahamu.

Shuka sasa kwenye bakuli la supu ya makongoro. Ule mfupa mrefu ulionyooka, wenye mfereji mwembamba mbele, ni mifupa miwili ya kiganja iliyoungana kuwa mmoja. Mwisho wake wa chini unagawanyika kuwa vichwa viwili, kila kimoja kikibeba kidole chake chenye pingili tatu. Pingili ya tatu ndiyo huioni mpaka ukwato utoke: ina umbo la ukwato wenyewe, imekaa ndani yake kama mguu ndani ya kiatu kilichobana. Kati yake na dunia kuna tishu laini yenye damu, kisha unene wa nyayo usiofika hata upana wa kidole chako. Kumbuka picha hiyo tutakapofika kwenye kwato.

Kwa kuku, angalia sahani yako. Paja la juu lina mfupa wa paja. Paja la chini, lile watoto wanaloligombania, lina muundi, na kando ya muundi kuna kijiti chembamba kama sindano kinachokuchoma ulimi. Huo ndio mfupa wa pili wa muundi, uliobaki kama kumbukumbu. Goti liko kati ya mapaja hayo mawili, ndani ya manyoya. Sehemu yenye magamba ni wayo uliorefuka. Shingo ya kuku ina pingili kama 14. Ya ng'ombe, mbuzi, mbwa, na hata twiga, ni 7. Mfupa wa kwanza wa kipapatio una uwazi ndani unaoungana na mifuko ya hewa ya kuku, kwa hiyo bawa likivunjika pale juu na mfupa ukatokeza nje, usimwagie maji kidonda. Maji yanaweza kuingia njia ya hewa.

Anachechemea, ila hujui ni mguu upi

Mwache atembee mbele yako kwenye ardhi ngumu, tambarare, mtu mwingine akimwongoza kwa kamba iliyolegea. Tazama kichwa. Mguu mbovu wa mbele ukigusa chini, kichwa kinapanda. Mguu mzima ukikanyaga, kinashuka. Watu wengi hukosea hapa, wakaulaumu mguu ule ambao kichwa kinauinamia, na huo ndio mzima. Kwa miguu ya nyuma tazama mifupa miwili ya nyonga iliyochomoza: upande wenye maumivu hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake.

Akisimama, atakusimulia mengine. Ng'ombe anayepishanisha miguu ya mbele kama mtu aliyekunja nne anapumzisha kwato za ndani za mbele. Anayesimama vidole vya nyuma vikitazama nje na visigino vikikaribiana anazipumzisha kwato za nje za nyuma, ambazo kwa ng'ombe wa maziwa ndizo zinazougua kuliko zote. Akijikunja mgongo hata akiwa amesimama tu, si uvivu huo.

Na sasa anzia chini. Kwa ng'ombe wa bandani, chanzo cha kuchechemea mara nyingi sana kiko ndani ya ukwato au kati ya kwato. Usipande kwenye kisigino kabla hujamaliza nyayo.

Mguu mmoja, ghafla, hakanyagi

Funga mguu, osha kwa maji na brashi mpaka uone rangi ya ukwato, kisha linganisha kwato mbili za mguu huohuo. Je, uvimbe uko sawa pande zote mbili, juu kidogo ya kwato, na kwato zimetanuka mbali? Ingiza pua yako karibu (ndiyo, pua). Harufu kali ya kuoza na ngozi iliyopasuka katikati ni ugonjwa wa kuoza kwato. Vijidudu viliingia kwenye ngozi iliyolainishwa na mkojo na tope. Huo unahitaji antibiotiki ya sindano kwa kipimo cha mtaalamu, na banda kavu, la sivyo atarudia wiki ijayo.

Uvimbe ukiwa wa upande mmoja, au usipoonekana kabisa, shuku usaha chini ya nyayo. Chukua koleo na ubane ukwato sehemu kwa sehemu, kuanzia nchani kwenda kisigino cha ukwato, kisha ukuta wa nje. Atakapovuta mguu kwa nguvu, hapo ndipo. Kwangua kidogo kidogo kwenye alama nyeusi mpaka usaha utoke, mwembamba, wa kijivu, wenye harufu. Ng'ombe wa yule binti aliyenipigia alikuwa na kipande cha waya wa kufungia nondo, kimeingia kwenye mstari mweupe unaounganisha nyayo na ukuta. Usaha ulipotoka alishusha mguu palepale, akaanza kutafuna. Hakuna dawa inayofanya kazi haraka kuliko kutoa kilichobana, kwa sababu ndani ya kile kiatu cha pembe hakuna nafasi ya kuvimba. Usaha kidogo tu unausukuma ule mfupa wa tatu. Usaha ukiachwa wiki kadhaa unaufikia mfupa wenyewe, na hapo tunazungumzia kukata kidole.

Miguu miwili, mitatu au yote minne inauma, anatembea kama aliyekanyaga makaa, miguu ya nyuma kaileta chini ya tumbo: muulize mwenye ng'ombe alikula nini. Mara nyingi kuna gunia la pumba au unga lililobaki wazi usiku. Wanga mwingi unachachusha tumbo, na athari yake inashuka mpaka ile tishu laini inayoushikilia mfupa wa tatu ndani ya ukwato. Ikilegea, mfupa unazama na kuisukuma nyayo. Alama za damu kwenye nyayo huonekana wiki nyingi baadaye, wakati kila mtu ameshasahau gunia.

Wanyama wengi kwa pamoja, mate yanachuruzika, malengelenge mdomoni na kati ya kwato: acha kila kitu, toa taarifa. Huo ni ugonjwa wa miguu na midomo, na hauna uhusiano wowote na mifupa. Chambavu nao huwadanganya watu. Ndama mnene wa miezi 6 hadi miaka 2 anachechemea asubuhi, paja au bega limevimba, na ukilibonyeza linakwaruza chini ya vidole kama karatasi. Wengi husema amevunjika. Jioni amekufa. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, hauliwi. Unazikwa kwa kina au kuchomwa.

Ukwato hukua karibu milimita 5 kwa mwezi. Ng'ombe wa malishoni huusaga kwa kutembea. Wa bandani anaubeba. Ukirefuka mbele, uzito unarudi nyuma kwenye kisigino cha ukwato, kano za nyuma ya mguu zinavutwa, na vifundo vyote vya juu vinakaa kwenye pembe isiyo yake. Kukata mara mbili kwa mwaka kunatosha kwa wengi. Nimeona ng'ombe aliyehukumiwa kuwa na "ugonjwa wa nyonga" akanyooka kwa dakika arobaini za kisu na tupa.

Mguu wa nyuma unakwama umenyooka, kisha unafyatuka

Huyu hana homa wala uvimbe. Anaanza kutembea asubuhi, mguu mmoja unabaki umenyooka nyuma, ukwato ukiburuza ardhi, halafu ghafla unafyatuka kwenda mbele na hatua chache zinakuwa za kawaida. Kilegesambwa kimekwama juu ya ukingo wa mwisho wa chini wa mfupa wa paja na kano ya upande wa ndani inakizuia kushuka. Huonekana zaidi kwa ng'ombe wenye nundu, hasa maksai wa kazi. Daktari wa mifugo huikata kano hiyo kwa upasuaji mdogo akiwa amemchoma ganzi. Usijaribu mwenyewe, kano tatu za hapo zimekaa jirani na ni moja tu ya kukatwa.

Vifundo vilivyovimba kwa ndama na mbuzi

Umri ndio unaotoa jibu. Ndama au mwanambuzi wa siku chache hadi wiki chache, vifundo viwili au zaidi vimevimba, vina joto, hataki kunyonya: bonyeza kitovu. Kikiwa kinene, kigumu au chenye majimaji, vijidudu vimepanda kutoka kitovuni hadi kwenye damu na kukaa ndani ya vifundo, mahali penye ute na damu inayopita polepole karibu na mfupa unaokua. Antibiotiki ikianza siku hiyo yuko kwenye nafasi nzuri. Ikianza wiki ya pili, gegedu limeshaliwa, na hata akipona atakuwa na kifundo kisichokunjika. Iodini kwenye kitovu ndani ya saa ya kwanza na maziwa ya dang'a (yale ya kwanza baada ya kuzaa) ya kutosha ni rahisi kuliko yote haya.

Mbuzi mkubwa wa maziwa, hasa damu ya Saanen au Toggenburg, magoti ya mbele (tumeshakubaliana ni vifundo vya mkono) yameongezeka taratibu kwa miezi, hayana joto kali, anakula akiwa amepiga magoti: shuku ugonjwa wa virusi wa baridi yabisi ya mbuzi. Hupita kwenye dang'a na maziwa kwenda kwa watoto. Hauna tiba, kwa hiyo pesa usiimalize kwa sindano; tenga watoto wake na wanyweshwe maziwa yaliyochemshwa au ya ng'ombe.

Ndama aliyezaliwa akiwa amekunja kifundo cha chini na kukanyagia mbele yake hana mfupa mbovu. Kano zilibana tumboni mwa mama. Ukiweza kuunyoosha mguu kwa mkono, mzoeshe kusimama na umfunge mabanzi mepesi mchana. Wengi hunyooka ndani ya siku chache.

Amezaa, na sasa hainuki

Kuna maswali mawili tu ya kwanza: amezaa lini, na amezaaje.

Alizaa bila shida ndani ya siku tatu zilizopita, masikio yamepoa, shingo imejikunja kama herufi S, pua kavu. Hiyo ni homa ya maziwa, jina lenye udanganyifu ndani yake maana mwili hauna homa, umepoa. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili wa ng'ombe iko kwenye mifupa. Kwenye damu kuna gramu chache tu. Dang'a hubeba takriban gramu 2 kwa kila lita. Akikamuliwa lita kumi siku ya kwanza, kiasi kinachotoka ni mara kadhaa ya kilichomo kwenye damu yote, na mifupa inachukua siku moja au mbili kufungua ghala. Misuli inazimika wakati ghala limejaa. Kalsiamu ya mshipani humwinua, mara nyingine ukiwa bado umeshika chupa, lakini iingie polepole na mtaalamu akisikiliza moyo. Ikimiminwa haraka, moyo unasimama.

Alizaa kwa kuvutwa, ndama mkubwa, yuko macho, anakula, anajaribu kuinuka ila miguu ya nyuma inateleza kwenda nje: mishipa ya fahamu inayopita ndani ya nyonga imebanwa na ndama. Fungia miguu yake ya nyuma kwa kamba laini, ukiacha nafasi ya hatua fupi, isipanuke akapasua misuli au akachomoa nyonga. Mlaze kwenye mchanga au majani mengi, sakafu ya saruji hapana, na mgeuze upande kila baada ya saa tatu au nne. Ng'ombe aliyelalia paja moja mchana kutwa anaua misuli ya paja hilo kwa uzito wake mwenyewe.

Ng'ombe anatafuna mifupa

Kiangazi malishoni utamwona amesimama peke yake, mfupa mkavu wa paja la mwenzake mdomoni, mate yanatiririka. Hana wazimu. Majani makavu yana fosforasi kidogo sana, na mfupa ndiyo fosforasi aliyoikuta. Hatari iko kwenye kilichooza ndani ya mfupa. Arnold Theiler, aliyeanzisha maabara ya Onderstepoort huko Afrika Kusini mwaka 1908, ndiye aliyeufuatilia ugonjwa wa kupooza uliokuwa ukimaliza ng'ombe wa kule na kuonyesha mnyororo mzima: udongo usio na fosforasi, ng'ombe wanatafuna mizoga, mizoga ina sumu ya botulizimu, ng'ombe wanalegea na kufa. Kwa hiyo kusanya mifupa uizike, na weka chumvi ya madini yenye fosforasi au DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi).

Punda ana shida iliyo kinyume. Akilishwa pumba tupu kila siku anapata fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa, na mifupa ya uso inavimba ikawa laini. Ukiona punda uso umenenepa pande zote mbili juu ya magego, usimpasue ukitafuta jipu. Mpunguzie pumba, mpe majani na chokaa ya mifugo.

Huku kwetu chini ya Mlima Meru kuna jambo jingine: maji yenye floraidi. Meno ya mbele yakiwa na madoa ya kahawia na yamelika mapema, na mifupa mirefu ikahisiwa ina vinundu, uliza kisima kabla ya kuuliza chakula. Na kwa mgeni wa ufugaji: ng'ombe wako hajang'oka meno ya mbele ya juu. Hana. Pale pana ufizi mgumu, na chini ana meno ya mbele 8.

Uvimbe wa taya

Laini, unabonyea, unaongezeka akichunga na kupungua akilala: majimaji, na chanzo ni minyoo au upungufu wa damu. Mgumu kama jiwe, hausogei hata ukiusukuma, umeshikamana na mfupa: vijidudu vimo ndani ya taya lenyewe, na kadiri unavyochelewa ndivyo meno yanavyolegea. Unaosogea chini ya ngozi ni jipu la kawaida.

Kuku aliyelala chini

Hapa ndipo simu zangu nyingi zinatoka, na ndipo dawa nyingi zinapotea bure, kwa sababu magonjwa manne au matano yote yanaitwa "kupooza". Usinunue kitu kabla hujajua umri, miguu imekaaje, na wangapi.

Vifaranga wa wiki 1 hadi 4, wanatembea kwa visigino, vidole vimejikunja ndani kama ngumi: upungufu wa vitamini B2. Vitamini kwenye maji huwainua walio wepesi ndani ya siku chache. Waliokaa hivyo muda mrefu hawarudi. Kifaranga wa siku mbili ambaye miguu imepanuka kushoto na kulia, muulize mwenyewe ulitandika nini: gazeti au plastiki inateleza, na kifundo cha nyonga bado ni gegedu. Mfunge miguu kwa uzi laini wa sufi, umbali wa mabega yake, siku tatu.

Mguu mmoja umepinda kuanzia kisigino kwenda nje, kisigino kimevimba na kuwa bapa. Pitisha kidole nyuma ya kisigino: kano kubwa ya nyuma haipo katikati, imeteleza pembeni. Hiyo ni manganizi au kolini iliyokosekana kwenye chakula wakati mfupa unakua. Huyo hatanyooka, ila premiksi sahihi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa chakula) itawaokoa wenzake.

Kuku wa wiki 6 na kuendelea, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, kama anaruka kiunzi: mahepe. Mifupa yake ni mizima. Kirusi kimevimbisha mshipa wa fahamu wa paja. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza kiangulioni, kwa hiyo ukinunua vifaranga uliza swali hilo kabla ya bei. Shingo iliyopinda na kuharisha kijani kwa kundi zima ni kideri, na huo nao haumo kwenye mifupa.

Sasa kuku wa mayai. Anataga vizuri, juzi alikuwa mzima, leo asubuhi umemkuta amelala ubavu, macho yanaangaza, anakula ukimsogezea chakula. Tuhesabu pamoja. Ganda la yai moja lina zaidi ya gramu 2 za kalsiamu. Mifupa yote ya kuku ina kama gramu 20. Yaani kila yai ni karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa yake, na anataga karibu kila siku. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu kama asilimia 4. Akila gramu 110 anapata gramu 4.4, na mwili unafyonza karibu nusu. Inatosha yai moja, hakuna ziada. Sasa wewe, bei ya chakula ilipopanda, ulichanganya gunia kwa gunia na pumba za mahindi. Pumba haina kalsiamu ya kutajika. Anapata gramu 2.2, anafyonza 1 na kidogo. Nusu ya yai inatoka wapi?

Inatoka kwenye mifupa. Kuku jike anapokaribia kutaga hujijengea ndani ya mifupa mirefu akiba ya mfupa laini kwa ajili ya ganda tu. Akiba ikiisha anakula mfupa wenyewe. Tena ganda hutengenezwa zaidi usiku, wakati kalsiamu ya chakula imeshapita tumboni, ndiyo maana unawakuta asubuhi. Mshike huyo aliyelala, pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukiwa umepinda kama S, na mbavu zimeingia ndani, umeshapata jibu bila maabara.

Mtoe kwenye kizimba, mweke sakafuni penye maranda, maji na chakula mbele ya mdomo, chokaa ya vipande kando. Wengine huinuka baada ya siku chache. Kwa kundi, acha pumba, na wape chokaa au makombe ya baharini yaliyovunjwavunjwa ukubwa wa punje za mtama, jioni. Unga wa chokaa hupita haraka; vipande hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka pole pole usiku kucha, saa ileile ganda linapojengwa. Lakini usiwape kuku wadogo chakula cha kutaga ukidhani unawajengea mifupa mapema. Kalsiamu nyingi hivyo huharibu figo zao.

Kwa aliyekwisha kufa, chukua muundi, safisha nyama, uvunje. Mzima hulia "ta!" kama ukuni mkavu. Wa kuku mdogo mwenye matege hupinda kama mpira bila kuvunjika: vitamini D, kalsiamu au fosforasi haikutosha, na mdomo wake nao utaubonyeza kwa vidole. Wa kuku wa mayai aliyemaliza ghala huvunjika kirahisi, kuta zake nyembamba kama ganda lenyewe. Kama ulivunjika vizuri kwa sauti, rudi kwenye mishipa ya fahamu na virusi.

Mbwa mwenye miguu ya upinde

Watoto wa mbwa wanaolelewa kwa ugali na mchuzi, au kwa nyama tupu bila mifupa, hupata matege yaleyale. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Dagaa wazima waliosagwa humsaidia.

Mfupa umevunjika: kufunga au kuchinja?

Kanuni ni moja: mabanzi lazima yashike kifundo kilicho juu ya mvunjiko na kilicho chini yake. Ukishaielewa, jibu linajitokeza. Mfupa wa kongoro unafungika, kwa sababu kifundo cha juu na cha chini vyote unavifikia. Muundi unafungika kwa shida, maana goti liko juu mno. Mfupa wa paja na ule wa juu wa mguu wa mbele havifungiki, kwani kifundo cha juu kimezama mwilini; mabanzi yatakuwa uzito unaoning'inia kwenye mvunjiko. Mfupa uliotoboa ngozi kwa ng'ombe mkubwa, au paja lililovunjika kwa ng'ombe mzito, zungumza na mkaguzi wa nyama mapema kabla hajachomwa dawa, maana dawa ikishaingia nyama haifai mpaka siku zake zipite.

Mwanambuzi aliyevunjika kongoro ni mgonjwa mzuri. Zungushia pamba nene, hasa kwenye vifundo, kisha pasua bomba la plastiki la maji kwa urefu, lilainishe kingo zake kwa tupa, lifunge juu ya pamba. Mabua ya mianzi nayo yanafaa. Acha ncha za kwato zionekane chini. Gusa kwato hizo asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza ukilinganisha na mguu wa pili: zikiwa za baridi, au ukiona uvimbe juu ya bomba, umekaza mno, fungua sasa hivi. Yeye anakua na bomba halikui, kwa hiyo baada ya wiki mbili libadilishe. Wiki ya tano lifungue, atachechemea kidogo kwa mazoea, kisha utamkuta juu ya rundo la kuni.